Kitabu Kilichokatika Mwisho

Juma hili nataka kuwasimulia habari ya kitabu kilichopoteza kurasa zake za mwisho, na ya urafiki ulioponea chupuchupu kupotea pamoja nazo. Habari yenyewe ni ndogo. Lakini imenipeleka mbali, hata kwa mabwana wa Unguja na Uingereza waliotunga hadithi za upelelezi, nami naona si adabu kula chakula hicho peke yangu.

Ninaye rafiki, mwalimu kama mimi, afundishaye upande wa Kabambare. Wakati wa vita aliikimbia nchi pamoja na wazazi wake, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Alikwenda mtoto, akarudi mtu mzima mwenye Kiswahili sanifu, ambacho wanafunzi wake walikicheka mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili wakaanza kukiiga. Mali aliyorudi nayo ilikuwa sanduku moja la bati, na nusu ya sanduku hilo ni vitabu: vya Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, vya Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, na kimoja kilichochakaa kuliko vyote, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla.

Tulijuana mjini Kasongo, katika mkutano wa walimu. Saa ya mapumziko wengine wote walikuwa wakizungumza habari ya mishahara, ambayo haina mwanzo wala mwisho. Yeye akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye bei ya kitu cha magendo: "Mwalimu, kati ya Bwana Msa na Willy Gamba, wewe wamfuata nani?" Nikamjibu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, tukabishana hata kengele ikalia mara mbili. Tangu siku hiyo vitabu vikaanza kwenda na kurudi kati ya Kasongo na Kabambare, vimefungwa katika mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wa kijana wa pikipiki, kila kitabu na barua yake katikati. Simu huko kwake hushika siku ikipenda yenyewe. Barua hufika daima, ijapokuwa imelowa.

Mimi ni mtu wa Bwana Msa, wala sifichi. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake hiyo ya kwanza ilipata tuzo katika mashindano ya utungaji ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake, mtu wa kunyamaza na kutazama. Na ubavuni pake yumo rafiki yake Najum, mwenye kuuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza. Aliyesoma vitabu vya Mwingereza Arthur Conan Doyle ataona mara moja ya kuwa Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, na Najum ni ndugu wa Daktari Watson. Wako wanaosema huo ni wizi. Mimi nasema mtu haibi kwa rafiki aliyemwachia mlango wazi. Abdulla alimpenda yule bwana wa London, akamkaribisha Unguja, akamvika kanzu, akamfundisha methali. Aliyetoka humo si Mwingereza tena.

Na sisi wa Maniema tunayo sababu ya kuwasikiliza watu wa Unguja, hata kama sababu hiyo ina uchungu. Kiswahili chetu kilikuja kwa miguu kutoka huko, katika misafara ya Tippu Tip na wenzake, kwa njia ya Ujiji na Kabambare hata Kasongo. Kilikuja pamoja na bunduki na minyororo. Leo kitabu cha Mwunguja kinapanda njia ile ile katika mkoba wa pikipiki, na watu wawili wasio na deni wala bwana wakigombea nani akisome kwanza. Nafikiri hayo ni malipo fulani, ingawa ni madogo.

Rafiki yangu ni mtu wa Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba aliyeanza kazi yake katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Anampenda zaidi katika Kikosi cha Kisasi, kwa sababu humo Gamba anatumwa Kinshasa, na rafiki yangu hufurahi sana kuuona mji mkuu wetu katika kitabu cha Mtanzania. Mimi namwona Gamba ana haraka mno ya bastola, na kurasa nyingine za vitabu hivyo hazifai mikononi mwa wanafunzi wangu. Juu ya jambo hilo tumeandikiana karatasi nyingi kuliko ambazo Musiba mwenyewe alihitaji kuandika kitabu.

Sasa nisikilizeni. Nalikuwa nimesoma Kisima cha Giningi cha Abdulla, lakini kile cha kwanza nalikuwa sijakiona. Rafiki yangu alikuwa nacho, naye muda wa miezi alinichokoza kwa barua. "Mwisho wake, Mwalimu! Mwisho wake utakuangusha kitini. Sikuambii neno." Hatimaye, katikati ya mvua, kitabu kikafika. Nikawasha taa, nikasoma usiku mmoja. Nikafika pale ambapo mambo yote yamekwisha kusogezwa karibu na kufunuliwa, nikageuza ukurasa, nikakuta jalada. Kurasa za mwisho hazikuwamo. Zilibaki nyuzi tu na vipande vya karatasi, kama meno ya mzee.

Mimi, nifundishaye watoto kwamba neno lisilo na ushahidi ni upepo, nilifanya nini? Nilitoa hukumu palepale. Nikakumbuka barua zake za uchokozi, nikaona wazi kwamba amezikata mwenyewe, ama kwa kunitesa, ama zimemharibikia kwa uzembe naye akanyamaza. Nikamwandikia barua ambayo sasa ningelipa fedha niipate tena niichome moto. Nilimwambia ya kuwa mtu asiyeweza kutunza kitabu hawezi kutunza neno la mwenziwe.

Hakujibu. Pikipiki zikaja mara tatu kutoka Kabambare na magunia yao, pasipo kipande cha karatasi kwangu.

Katika kimya hicho nikaomba ruhusa katika maktaba ya mapadri, nikaanza kusoma habari za watungaji wenyewe. Nadhani nalitafuta mtu wa kunionyesha kwamba sikukosea. Nilichokipata ni kitu kingine.

Nilipata kwanza watoto wawili wa shule. Mmoja ni Gilbert Chesterton, mwingine ni Edmund Bentley. Walifanya urafiki wakiwa wanafunzi wa shule moja mjini London, wakichekeshana kwa mashairi ya upuuzi. Mwaka 1908 Chesterton akatoa hadithi yake ya polisi na waasi, The Man Who Was Thursday, akaitoa wakfu kwa Bentley. Miaka mitano baadaye Bentley akalipa deni: akatunga hadithi ya upelelezi, Trent's Last Case, akamwandikia Chesterton wakfu wake. Hiyo ya pili ilisifiwa sana na watungaji wa kazi hiyo waliokuja baadaye. Ilikuwa zawadi ya kumjibu rafiki.

Kisha nikapata chama chao. Mwaka 1930, mjini London, watungaji wa hadithi hizi walifanya chama kilichoitwa Detection Club, nao wakamchagua Chesterton awe rais wa kwanza. Alipokufa mwaka 1936 nafasi yake ilishikwa na nani? Na Bentley yule yule. Baada yao walikuja mabibi wawili: Dorothy Sayers, kisha Agatha Christie, ambaye alikubali urais kwa sharti apewe mwenzi wa kumsaidia, maana aliogopa kuhutubia. Mama huyo aliua watu wengi ajabu katika vitabu, kumbe aliogopa kusimama mbele ya meza ya chakula!

Mwanachama mpya aliapa, mkono wake juu ya fuvu la kichwa. Aliahidi ya kuwa wapelelezi wake watafumbua mambo kwa akili yao tu, wasitegemee ufunuo, wala uchawi, wala bahati nasibu. Nusu ya kiapo hicho ni mchezo, lakini nusu ya pili si mchezo. Mmoja wao alikuwa padri, Ronald Knox, ambaye baadaye aliitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza kutoka Kilatini. Mwaka 1929 aliandika amri kumi za hadithi za upelelezi. Katika hizo alikataza mizimu na nguvu zisizo za kawaida, akakataza sumu ambazo hazijapata kujulikana, akaagiza ya kuwa mkosaji atajwe mapema, na ya kuwa mpelelezi mwenyewe asiwe mkosaji. Aliagiza pia kwamba rafiki wa mpelelezi asifiche wazo lolote, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo tu, ya akili ya msomaji. (Rafiki yangu na mimi hatujapata kukubaliana nani kati yetu ni Najum.)

Nilisoma amri ile ya mizimu mara mbili. Hapa kwetu mtu akifa ghafula, ni mara ngapi jina la bibi kizee fulani hutajwa kabla kaburi halijachimbwa? Hakuna aulizaye alikuwa amekula nini, wala alikuwa ameugua tangu lini, wala nani anataka shamba la bibi yule. Abdulla alikita jina la kitabu chake juu ya mzimu, akawavuta wasomaji kwa hofu yao wenyewe, halafu Bwana Msa akaingia na kiko chake, akaanza kuuliza nani alikuwa wapi. Mwunguja huyo na yule padri wa Kiingereza walisimama upande mmoja, kwa maana walipenda kitu kimoja.

Jambo jingine la chama hicho lilinifanya nicheke peke yangu. Mwaka 1931 walitoa kitabu kimoja kwa mikono mingi, The Floating Admiral. Padri Knox, Bibi Sayers, Bibi Christie na wenzao walipokezana sura kwa sura, kila mmoja akipokea mafundo aliyofunga mwenzake, pasipo kuambiwa yatafunguliwaje. Karibu kila mmoja aliandika pia namna alivyofikiri hadithi ingekwisha, na miisho hiyo mbalimbali ikachapwa nyuma ya kitabu. Hadithi moja, miisho mingi! Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Lakini kisa kilichonigusa kuliko vyote ni cha Doyle, kwa kuwa kinatuhusu sisi Wakongo.

Alikuwako mjini Liverpool karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel. Kazi yake ilikuwa kuandika hesabu. Akaona katika vitabu vya meli ya kuwa kutoka Kongo, nchi iliyokuwa wakati ule mali ya Mfalme Leopold, zinakuja shehena za mpira na pembe za thamani kubwa, na kwamba meli zirudipo Kongo hazichukui bidhaa za kulipia mali hiyo, bali zaidi ni bunduki na risasi. Morel hakuwa amekanyaga Kongo. Kwa hesabu peke yake akatambua ya kuwa watu wa huko hawalipwi kitu, wanalazimishwa. Sherlock Holmes hakupata kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1903 balozi Mwairishi, Roger Casement, akapanda mto Kongo akaona kwa macho, na mwaka 1904 taarifa yake ikatolewa. Hakufika huku kwetu Maniema. Aliyoyaona katika nchi za mto wa chini yalitosha.

Watu hao wawili wakawa rafiki wa Doyle, naye akaacha kwa muda wapelelezi wa kubuni. Mwaka 1909 aliandika kwa siku chache kitabu kiitwacho The Crime of the Congo, yaani Uhalifu wa Kongo, akazunguka Uingereza pamoja na Morel akihutubia. Na mwaka 1912 alipotunga hadithi ya safari, The Lost World, aliwatia humo rafiki zake kwa majina mengine: mwandishi kijana Malone ana sura ya Morel, na Bwana Roxton, mpiganaji wa wenye kuuza watumwa, ana sura ya Casement.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Vita ya mwaka 1914 ilipokuja, Morel aliipinga, naye Doyle akaachana naye. Lakini kwa Casement ilikuwa vingine. Casement alikamatwa mwaka 1916 kwa kutafuta silaha za Wadachi ili Ireland ijikomboe, akahukumiwa kunyongwa. Doyle aliliona tendo hilo kuwa kosa kubwa, wala hakulitetea. Hata hivyo alikusanya saini za watu wenye majina, akaiomba serikali imwachie rafiki yake uhai, akisema ya kuwa taabu za miaka mingi katika nchi za joto zimemchosha akili. Serikali ilikataa. Casement alipokewa katika Kanisa Katolika kabla ya kufa, akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Basi Doyle alisimama na rafiki ambaye ushahidi wote ulikuwa juu yake. Na mimi nalimtupa rafiki ambaye ushahidi juu yake ulikuwa nyuzi za jalada.

Hapo nikamgeukia Padri Brown, yule padri mfupi wa Chesterton, mwenye mwavuli na uso wa mkate. Naye alitoka katika urafiki. Karibu na mwaka 1904, katika jimbo la Yorkshire, Chesterton alitembea milimani pamoja na Padri John O'Connor. Akamweleza wazo moja juu ya maovu, na padri akamjibu kwa mambo ya kutisha aliyoyajua kwa kazi yake, hata Chesterton akastaajabu. Walipofika nyumbani walizungumza na vijana wawili wa chuo kikuu cha Cambridge. Padri alipotoka chumbani, mmoja wao akasema ya kuwa maisha ya kujifungia hivyo humwacha mtu pasipo kuujua uovu wa dunia. Chesterton alikaribia kuangua kicheko, na Padri Brown akazaliwa. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Mwaka 1922 Padri O'Connor ndiye aliyempokea Chesterton katika Kanisa. Na Chesterton alipokufa, Padri Knox ndiye aliyehubiri katika Misa yake ya wafu, katika kanisa kuu la Westminster.

Padri Brown hapimi nyayo wala majivu ya tumbako. Siri yake, kama anavyoieleza katika kitabu cha mwaka 1927, ni kwamba hujitia ndani ya moyo wa mkosaji mpaka aone jinsi yeye mwenyewe angeweza kutenda kosa lile. Usiku mmoja nikajaribu. Nikajiuliza: mimi ningezikata kurasa za Abdulla kwa sababu gani? Sikuona sababu. Nikajiuliza tena: ni sababu gani ingenifanya nisifu mwisho wa kitabu, nisiuambie mtu, kisha nikitume hakina mwisho? Hapo jasho likanitoka. Maana katika seminari, mbele ya wenzangu, mimi nilipata kusifu muda wa mwaka mzima kitabu kinene cha Kifaransa ambacho sikuvuka sura yake ya pili.

Nikaandika barua. Nikaomba radhi kwa maneno machache, nikamsimulia juu ya kile kitabu cha Kifaransa, wala sikumwuliza neno. Pikipiki iliyorudi ilileta bahasha nene.

"Ndugu yangu Mwalimu," aliandika, "nilikinunua Nyarugusu sokoni, tayari hakina mwisho. Sijapata kuusoma. Uliponiambia siku ile mjini Kasongo kwamba u mtu wa Bwana Msa, niliona haya kukuambia ya kuwa kitabu chake kikubwa nakijua nusu." Halafu, katika karatasi nne za daftari, alikuwa ameandika mwisho wake mwenyewe, mkosaji akitajwa na kila fundo likifunguliwa, na chini yake: "Nawe niletee wako."

Nikampelekea wangu. Tulishona miisho yote miwili kwa uzi ndani ya jalada, nikawasomea wanafunzi wa darasa la juu. Walibishana muda wa juma zima. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi darasani, alisimama akaonyesha ya kuwa mkosaji wa rafiki yangu alikuwa mahali pengine saa ya mauaji, na ya kuwa mkosaji wangu hakuwa na sababu yoyote ya kuua isipokuwa mimi sikumpenda. Akaleta mwisho wake, kurasa tatu kwa kalamu ya risasi. Umeshonwa pia. Kwa kweli ni bora kuliko miisho yetu.

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja atokaye Kigoma aliniletea, kwa agizo langu, kitabu hicho hicho kikiwa kizima. Nikampasha habari rafiki yangu. Akanijibu kwa mstari mmoja: nisikifungue mpaka afike. Kipo hapa juu ya kabati, kimefungwa katika gazeti na kamba. Mvua bado haijakatika, na njia ya Kabambare imeharibika. Mke wangu amekwisha kuniuliza mara mbili kwa nini natazama kabati nikila.